Nyasi Zenye Mwenyewe

Ndugu msomaji, yamkini utashangaa kuona ukurasa huu wa nyumba na jamaa ukizungumzia mchezo wa gofu. Utasema: "Mchezo huo ni wa wakubwa. Mimi ninayepanda daladala alfajiri kutoka Igoma kwenda kazini na kurudi jioni nimechoka, nina uhusiano gani nao?" Swali lako ni la haki, wala sina nia ya kukushawishi ununue fimbo. Mimi mwenyewe sijapata kuucheza. Ninalotaka tulitazame pamoja ni uwanja wenyewe, yaani ile ardhi pana yenye nyasi fupi, miti mikubwa na hewa safi, ambayo mji mmoja wa kando ya ziwa letu umeihifadhi kwa zaidi ya miaka 120, hali sisi wa Mwanza kiwanja cha watoto hututoka mikononi kati ya masika moja na nyingine.

Riziki yangu kwa miaka mingi ilitokana na upimaji wa ardhi. Nilianza kwa kushika kamba na kubeba fito, nikaishia kusoma darubini ya wapimaji. Mtu wa kazi hiyo hawezi kupita mahali bila kujiuliza maji ya mvua yanaelekea wapi, mpaka uko wapi, na nani aliyeamua pawe hivyo. Basi nilipokwenda Entebbe, nchini Uganda, kumtazama binti yangu aliyeolewa huko, nilipata asubuhi mbili za kuutembelea uwanja wa gofu wa mji ule kwa idhini ya wenyewe, nikautazama kama nilivyozoea kutazama viwanja: kwanza ulivyochorwa, kisha unavyotunzwa.

Kabla hatujafika huko, inafaa uujue mchezo wenyewe kwa ufupi. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo kutoka mahali pa kuanzia, akaupitisha kwenye njia ndefu ya nyasi zilizokatwa, mpaka aufikishe kwenye duara la nyasi laini mno liitwalo grini, ambapo pana bendera na shimo. Shimo hilo lina upana wa milimita 108 tu. Anayetumia mapigo machache kumaliza mashimo yote ndiye mshindi. Mashimo hayo kwa kawaida ni 18, idadi iliyotoka mji wa St Andrews huko Scotland, ambako mwaka 1764 waliyapunguza kutoka 22, na dunia nzima ikafuata.

Waskoti walicheza kando ya bahari, katika ardhi ya mchanga yenye upepo mkali na isiyo na miti, ambayo mkulima hakuwa na haja nayo. Mchezo ulipohamia bara ikazaliwa namna ya pili ya uwanja, uwanja wa bustani, wenye miti mirefu, mabonde ya kijani na nyasi nene zinazohitaji kukatwa daima. Uwanja wa Entebbe ni wa namna hii ya pili. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1901, mwaka uleule ambao reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi Desemba. Entebbe ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kiingereza, na jina lenyewe katika Kiganda lina maana ya kiti. Jirani na uwanja iko Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, ambapo tumbili huruka matawini bila kumwogopa mtu.

Sasa tuje kwenye mchoro. Jambo la kwanza nililolipenda ni kwamba ardhi haikulazimishwa. Mwaka 1901 hapakuwa na tingatinga la kusawazisha kilima. Aliyepanga njia za mchezo alilazimika kuufuata mteremko kama alivyoukuta, ukishuka taratibu kuelekea ziwani. Kwa sababu hiyo njia nyingine hupanda, nyingine hushuka, nyingine hupita ubavuni mwa mteremko hata mpira ukianguka hujisogeza wenyewe upande wa chini. Ugumu wa mchezo umetoka ardhini, haukutengenezwa kwa gharama. Sisi wapimaji tunajua faida nyingine ya kufuata mteremko: maji hupata njia yake. Asubuhi ya pili nilifika baada ya mvua kubwa ya usiku, nikatafuta madimbwi kama daktari atafutavyo homa. Njia nilizopita zilikuwa na unyevu, lakini maji hayakutuama.

Jambo la pili ni miti. Mtu asiyejua atadhani imeachwa kwa uzuri tu. Lakini mti katika uwanja wa bustani una kazi tatu. Huonyesha mpaka kati ya njia moja na nyingine, ili mpira wa huyu usimpasue kichwa yule. Huzuia upepo, kwani mchana pepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na kuupeperusha mpira. Nayo hutoa kivuli kwa watu wanaotembea saa nne mfululizo juani. Hata hivyo mti una gharama yake. Mizizi hunyang'anyana maji na nyasi, na penye kivuli kizito nyasi hukonda. Kwa hiyo mchoraji mwema huiweka miti mikubwa pembeni mwa njia, mbali na grini. Ukipata kusimama chini ya mti mkubwa kiwanjani, tazama nyasi za miguuni pako, utaona ugomvi huo ulivyoendelea.

Jambo la tatu ni kwamba ziwa linaonekana. Usilidharau hili. Katika miji mingi ya pwani ya ziwa letu, ufukoni pamejazwa maghala, kuta na nyumba za watu wenye uwezo, hata mtoto aweza kukua umbali wa kilomita mbili kutoka majini asiyaone isipokuwa kwenye ndoo. Pale Entebbe, mtu akisimama sehemu ya juu jicho lake hushuka na nyasi mpaka majini, na hakuna ukuta wa mtu unaomkatiza.

Ama kuhusu hali ya uwanja, hapo ndipo somo kubwa lilipo. Nyasi za gofu hazikatwi kimo kimoja. Za grini huachwa milimita chache tu, kama zulia. Za njia hufika sentimita moja au zaidi kidogo. Za pembeni huachwa zirefuke ili kumwadhibu aliyepiga ovyo. Maana yake ni kwamba kuna mashine zaidi ya moja, visu vinavyonolewa, na watu wanaojua leo wanakata nini na kesho nini. Nilimkuta mfanyakazi mmoja akiondoa majani makavu kwa reki. Nikamwuliza uwanja ungekuwaje kama wangeacha kazi kwa wiki mbili za mvua. Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili chake cha Uganda: "Mzee, utatafuta mpira na tochi mchana."

Lazima nikiri kwamba Entebbe imependelewa na mbingu. Pepo za kusini mashariki huvuka ziwa zikichukua unyevu, kisha huumwaga kaskazini na magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Entebbe kiasi cha 1,500, na sisi Mwanza tulio kusini kiasi cha 1,000, tena kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti hukausha kila kitu. Udongo wetu nao ni mwembamba, umelala juu ya mawe ambayo ndiyo sifa na taabu ya mji wetu. Uwanja wa kijani namna ile ukipandwa Mwanza ungelazimika kunyweshwa miezi mitatu, hali wapo kina mama wanaopandisha maji kilimani kwa ndoo. Zamani, katika sehemu kavu za Afrika, wachezaji waliitambua hali hiyo, wakaacha kupanda grini za nyasi na kutumia mchanga uliochanganywa na mafuta. Hazikuwa na rangi ya kupendeza, lakini zilikubaliana na nchi.

Kuna na jambo la mbolea. Nyasi zinazokatwa kila mara huishiwa nguvu, na mwenye uwanja hushawishika kumwaga mbolea nyingi. Mvua ikinyesha, mbolea iliyozidi huteremka na maji mpaka ziwani. Wewe uliyeishi Mwanza unajua kilichofuata baada ya ziwa kulishwa mbolea za mashamba na uchafu wa miji: gugu maji lililoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta chakula tayari, likastawi na kuziba ghuba, mitumbwi ikashindwa kutoka. Kwa hiyo uwanja wowote wa kando ya ziwa usipimwe kwa ukijani wake peke yake. Mpimaji ashuke hadi ukingoni, atazame yale maji yanayotoka uwanjani yana rangi gani, na kama pameachwa ukanda wa mimea ya asili wa kuyachuja. Ukijani unaonunuliwa kwa kuliua ziwa ni hasara.

Ziwa nalo halikubali kusahauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda zaidi ya mita mbili, na mwezi Mei 2020 yakapanda tena hadi kuvunja rekodi ya 1964, yakaingia majumbani na hotelini katika nchi zote tatu. Pamoja na maji huja wenyeji wake. Kule Kisumu inasimuliwa kanuni ya zamani ya klabu, kwamba mpira ukitua karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji aweza kuweka mwingine mahali salama bila kuadhibiwa. Kule Jinja, mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuokotwa kwa mkono. Watu hucheka wasikiapo kanuni hizo. Mimi naziona kuwa ni busara, maana waliozitunga walikubali kwamba walijenga katika njia ya mwenye nchi wa kwanza, nao wakamwachia nafasi.

Hadi hapa nimesifu zaidi ya kulaumu. Sasa tuugeuze upande wa pili, kwa sababu mchoro wa uwanja ni pamoja na lango lake. Uwanja wenye mashimo 18 huhitaji kiasi cha hekta 50. Uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68 haufiki hata hekta moja. Piga hesabu: katika ardhi ya gofu moja vingeenea viwanja vya kandanda 70. Je, walioitenga ardhi hiyo wakati wa ukoloni walikuwa wakimfikiria mtoto wa mfanyakazi? La hasha. Klabu za namna hiyo, hapa kwetu na kwa jirani, zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa kubeba mfuko wa fimbo, kufyeka nyasi au kupika. Zaidi ya hayo, wapangaji wa miji wa siku zile walizitumia ardhi za wazi kuwa uzio wa kutenganisha makazi ya rangi moja na nyingine, kwa kisingizio cha afya. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam ilikuwa ukanda wa namna hiyo, uliotengwa kati ya mji wa biashara na Kariakoo ya Waafrika.

Basi mtu aweza kusema kwamba uwanja wa Entebbe ulihifadhiwa kwa sababu ulikuwa wa wachache, na kwamba cha wachache hutunzwa hali cha wengi huharibika. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, hata kwa watu wanaoheshimika, nami siyakubali. Itazame tena Mnazi Mmoja. Ardhi iliyotengwa kuwagawa watu ndiyo leo yenye Mnara wa Uhuru, ndipo watu hukusanyika kwa sherehe, kwa mikutano na kwa sala za sikukuu. Ramani ilibaki ileile, bali mwenyewe alibadilika, akawa umma. Uwanja haukuhitaji kufungiwa watu ili upone.

Kwa nini basi vya kwetu havisalimiki? Nitakueleza niliyoyaona mtaani kwetu, hapa Mwanza, bila kutaja jina la mtu wala ofisi. Palikuwa na kiwanja cha wazi, ambacho kwenye mchoro wa mtaa kimeandikwa kuwa ni cha michezo. Mawe ya mpaka niliyajua, maana nilishiriki kuyazika. Kwanza kilikuja kibanda kimoja cha kuuzia vocha, tukasema ni kijana anatafuta riziki. Kisha fundi wa magari akaegesha mikweche miwili. Kisha mchanga na kokoto zikamwagwa, tukaambiwa ni za muda. Mwaka uliofuata ukuta ulisimama, na mwenye ukuta alikuwa na karatasi. Tulipokwenda kuuliza tulielekezwa meza hii, kutoka meza hii tukaelekezwa ile. Watoto wakahamia barabarani. Mjukuu wangu, kijana wa miaka tisa, alikuwa akiukimbilia mpira pikipiki ilipomgonga. Alilala na mguu kwenye plasta miezi miwili. Mguu umepona, lakini hata leo akisikia mlio wa pikipiki hushika ukuta.

Nimeufikiri sana mkasa huo, nami naona kwamba kiwanja chetu hakikupotea kwa kuwa kilikuwa cha wengi. Kilipotea kwa kuwa hakikuwa na mkata nyasi. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kukitazama kila wiki, wala daftari lililoandika bikoni zake, wala mti uliopandwa mpakani, wala siku iliyojulikana kuwa ni ya usafi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyasi ndefu na takataka ni tangazo kwamba hapa hapana mwenyewe, na mvamizi hulisoma tangazo hilo haraka kuliko afisa ardhi.

Jambo hili halingoji. Mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 2.77 katika sensa ya 2012, na katika sensa ya 2022 walikuwa milioni 3.7. Nyumba zinapanda milimani kati ya mawe, na mvua ikinyesha tope lote hushuka kuingia Mto Mirongo na kutoka humo hadi ziwani. Kila kipande cha ardhi wazi kinachobaki katikati ya makazi ni mahali pa kuchezea, pa kupumulia wazee, pa kunywea maji ya mvua ardhini, na pa kukimbilia moto ukizuka.

Sikuambii kwamba tujenge uwanja wa gofu. Nakuambia tuchukue kwa Entebbe yale yanayochukulika. Kwanza, wewe na majirani zako nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize ni ardhi gani katika mtaa wenu iliyoandikwa kuwa ya wazi, mpate nakala ya mchoro, mkayatafute mawe ya mpaka kwa macho yenu. Pili, pandeni miti mpakani, si katikati. Mpaka wenye miti iliyopangwa mstari huonekana na kila mtu, na atakayeukata mti atakuwa ameshuhudiwa. Tatu, msigombane na mteremko. Pelekeni maji yanakotaka kwenda kwa mfereji mdogo wa mawe, ambayo tunayo bila kununua. Nne, chagueni nyasi zinazostahimili kiangazi chetu, na penye ukavu mno acheni udongo mgumu uliofagiwa. Watoto hawachezi kwa rangi. Tano, na hili ndilo kubwa, awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye fyekeo, reki na toroli, anayelipwa kwa mchango mdogo wa kila nyumba, na mchango huo uandikwe daftarini na kusomwa mbele ya wote katika mkutano wa mtaa.

Utaniuliza fedha hizo zitoke wapi, nasi tunabana mpaka senti ya chumvi. Mtaa wa nyumba 200 ukitoa shilingi 500 kwa kila nyumba kwa mwezi, ni shilingi 100,000. Hazitoshi kumwajiri mtu siku zote, lakini zatosha kumlipa kijana siku kadhaa za kazi na kununua jembe likivunjika. Nasi katika mtaa wetu tumeanza na kipande kilichosalia, kidogo kuliko kile cha kwanza, nyuma ya zahanati. Mawe manne ya mpaka tumeyafukua na kuyapaka chokaa. Miche 14 ya miti imepandwa mpakani, miwili imeliwa na mbuzi, na imeandikwa daftarini hivyo hivyo. Zamu ya kufyeka ni Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali.